Masaa Tano Kutoka Doha

Mimi sina subira na mambo ya mizimu, na mama nilimwambia hivyo waziwazi. Dada yangu aliyekuwa akifanya kazi Doha tulimzika Kajiado mwezi wa sita, na jeneza nililiona likishuka kwa macho yangu mawili. Lakini kila ndege ikipita juu ya Kitengela kwenda kutua, mama alitoka nje, akaangalia juu na kumwita kwa jina.

Kwetu Wamaasai marehemu haitwi jina. Ukimwita, unamnyima kupumzika. Kaka yetu Kisemei alimbembeleza mama aache, mwisho akagomba.

"Kutoka Doha ni masaa ngapi?" mama akamuuliza.

"Tano na kitu, Yeyo."

"Sasa mbona huyu mtoto hajafika?"

"Si alikuja ndani ya jeneza? Wewe mwenyewe ulikuwa hapo."

"Hiyo ilikuwa mwili, na ilikuja wiki ingine. Yeye alikuwa na tiketi ya Jumatatu."

Kisemei alichukua fimbo yake akaondoka. Mimi maneno yale yalinikaa rohoni, kwa sababu Jumatatu ile tulikuwa uwanja wa ndege tukimsubiri. Simu ikaja: alianguka kwenye foleni ya kupanda ndege, hakuamka. Tuligeuza gari papo hapo. Ndege yenyewe ilikuwa bado angani, na ilipotua hakukuwa na mtu wetu mlangoni wa kumpokea.

Nikaanza kusikia na mimi. Ndege ikipita, mlango wa chumba cha dada ulikuwa unagonga kidogo, na upepo hakuna. Niliogopa, sitaficha. Jumatatu moja nikamwambia mama ajifunge shuka yake twende.

Tulisimama pale wanapotokea abiria wa Doha. Wasichana walitoka wakisukuma mizigo, macho mekundu kwa uchovu. Mama akanyoosha mkono, kiganja chini, vile anavyosalimia watoto wake. Watu walimkwepa, nami nikaona aibu mpaka nikatamani kumvuta. Kisha msichana mmoja tusiyemjua, mwenye shanga za kwetu mkononi, akamwona mama mzee wa Kimaasai amenyoosha mkono. Hakuuliza kitu. Aliacha mizigo yake akainamisha kichwa, kama alivyolelewa.

"Takwenya," mama akamsalimia, kiganja kikiwa utosini.

"Iko, Yeyo," msichana akaitikia.

"Umefika?"

Msichana alinitazama. Machozi yalikuwa yamenijaa, sikuweza kumweleza.

"Nimefika," akajibu polepole, kisha akaenda kwa watu wake.

Mama hakurudisha mkono. Ulibaki hewani, halafu ukashuka kidogo na kutulia. Dada yangu alikuwa mfupi kuliko yule msichana.

"Twende nyumbani," mama akasema.

Kwenye gari alikaa nyuma, akajisogeza hadi dirishani akaacha nafasi. Njia nzima mimi sikuthubutu kuangalia kioo. Tulipofika nilimfungulia mlango, akashuka, akaanza kutembea kuelekea nyumbani. Ndege ikapita juu yetu, wala hakuinua uso. Mimi nilibaki nimeushika ule mlango, sijui nikisubiri nini.

Mama akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu tumzike dada, ndege ilikuwa imepita asimwite kwa jina.

"Funga," akaniambia. "Dada yako ameshuka."