Maji ya Njia Njema

Gizani nilisikia maji yakiingia kwenye chombo cha shaba, kwanza kwa mlio mwembamba, kisha kwa sauti nzito, kama mtu anayenong'ona huku amejiziba mdomo. Nikajua ni mama mkwe wangu, Stoyna. Nikajua pia anamtekea nani, maana kwetu anayesafiri humwagiwa maji mbele yake ili njia iwe njema.

Bandani lilikuwemo gari jeusi la jirani yetu Gergin, bwana harusi wa leo. Jana nilikuwa nimelipaka dawa ya kulinda rangi, kazi yangu ya kwanza tangu nimalize masomo ya jioni ya ufundi. Mwenye gereji mjini Sliven alisema wazi: "Gergin akiridhika, Jumatatu njoo kazini."

Kiangazi dawa ile hukauka kabla kitambaa hakijapita, ikaacha michirizi. Lakini huu ni Novemba, ukungu unashuka mlimani, nayo huchelewa kukauka. Niliwasha jiko la kuni, nikawa nikiligusa bati la gari kwa kiganja mpaka ubaridi wa samaki ukalitoka. Ndipo nikapaka kipande kwa kipande, nikingoja kila kimoja kiote rangi za upinde wa mvua ndipo nikifute. Ilikuwa kama kumpaka mtoto mafuta akitoka kuoga. Sasa kilibaki kitu kimoja: maji yasiiguse dawa hiyo mpaka jioni ya leo.

Nikamkuta mama jikoni.

"Mama, tafadhali, leo usimwage."

"Mtu anakwenda kuchukua mke, aondoke pakavu? Njia yake iteleze kama maji! Na simwagi juu ya gari, namwaga mbele yake."

"Magurudumu yatayarusha. Yatabaki madoa, na kazi nitaikosa."

"Dawa gani hiyo inayoogopa maji? Mwanangu, umelipaka gari au umelipaka sukari?"

Nikacheka bila kupenda. "Inaogopa leo tu, mama. Bado changa."

Akautazama mlango wa chumba alikolala binti yangu Kalina, ambaye sasa ana miaka mitatu.

"Changa kama huyu alipozaliwa, nilipokukatazeni kutoka nje mpaka arobaini iishe?"

"Kama huyu. Ila hii ni mpaka jioni tu."

Akaguna, wala hakuahidi kitu.

Kulipopambazuka ukungu ulikuwa umeinuka na barabara imekauka. Gari likiwa tayari uani, Gergin akaja, akapitisha kiganja juu ya boneti, taratibu, kama anayeogopa kuiamsha. Mbingu nzima ilikuwa ikielea humo, pamoja na moshi wa dohani yetu.

"Dada," akasema, "huyo mwenye gereji nampigia simu mimi mwenyewe, leo hii."

Akawasha gari. Mama akatokea langoni, kakumbatia chombo cha shaba kifuani. Akainama, akakiinamisha polepole kwa mikono miwili, midomo ikimchezacheza kwa dua. Hakikutoka kitu. Maji yote alikwisha kuyamwagia maua yake kwenye ngazi.

Gari likapita pale pakavu, bila sauti, kama linaogelea.

Kalina, mikononi mwangu, akalinyooshea kidole lile gari linalong'aa.

"Nimeyaona maji."