Ubavu wa Kushoto

Evert wangu alikufa mwezi wa pili, na kufika mwezi wa tano majivu yake yalikuwa bado kwa watu wa kanisa, yananisubiri mimi niamue. Kwetu mjane anapewa mwaka mzima wa kufikiri. Kaburi lilikuwepo, la watu wawili, tulilinunua zamani kando ya wazazi wangu. Ila moyoni nilikwisha kata shauri: Evert atakwenda kwenye ile bustani ya makaburini ya wasioandikwa majina, na kaburini nitalala peke yangu, ninyooshe miguu. Mtu aliyenikimbia kila Alhamisi kwa miaka thelathini na moja, nimpe tena ubavu wangu mpaka kiama? Thubutu!

Kila Alhamisi, mchana, alitoa gari akaondoka. Alirudi jioni bila neno. Mji mzima ulijua kwamba Vivan msusi alifunga saluni yake siku hiyohiyo, na mimi hesabu ya namna hiyo hainishindi. Sikumuuliza. Alhamisi ni siku ya supu ya njegere, basi nilimwachia yake mezani ipoe mpaka igande, nikimwona anaingia namwambia, "Kwani huko hukulishwa?" Alikula yote, akaosha sahani. Dukani niliwachekesha wanawake kwa habari zake mpaka wakashika mbavu.

Hata hivyo nayaogopa macho ya watu. Nilitaka majivu yasafiri kwa Volvo yake nyekundu ya mwaka sitini na sita, tena inang'aa, wasije wakasema Dagny kamzika mumewe kama anayetupa taka. Shida ni kwamba wekundu wenyewe ulikuwa umekufa. Ukipitisha kidole kinatoka na unga kama wa chaki.

Nikamwita Torkel, rafiki yake Evert, aliyepaka magari rangi tangu ujana mpaka pua yake haisikii tena hata samaki aliyeoza.

"Shemeji, mpya sipaki," akasema. "Hii ni rangi yake ya kuzaliwa. Imelala tu. Tutaiamsha kwa mkono."

"Wewe mwenyewe umelala, utamwamsha nani?"

"Shika kitambaa, bibi wewe. Mdomo uupumzishe."

Tukaosha, tukakausha, tukaanza ubavu wa kulia, yeye mlango wa mbele, mimi wa nyuma. Ukiweka dawa ya kung'arishia unasugua kwa duara, polepole. Mara kitambaa changu kikawa chekundu, nikajua nimejikata.

"Hiyo si damu yako," akacheka. "Ndiyo rangi yenyewe. Kila ukisugua unaondoa kidogo. Ukizidisha unakuta bati."

Mpaka saa ya kahawa ubavu wote ulikuwa unawaka kama tufaha. Tukala maandazi ya mdalasini, tukahamia kushoto. Torkel akasugua mahali pa ukubwa wa sahani, pakagoma. Akasugua tena. Pakatoka wekundu mchovu, kama shuka la hospitali lililofuliwa miaka. Akaacha. Akapiga magoti mbele ya gari, akalipapasa usoni kote kwa kiganja.

"Evert aliliweka wapi gari hili?"

"Gereji. Kila siku. Unajua mwenyewe."

"Usiku, ndiyo. Lakini ubavu huu umeliwa na jua la kusini, miaka na miaka. Na hapa mbele, weka mkono. Unasikia vidonda vidogovidogo? Chumvi. Upepo wa bahari umelipiga usoni. Shemeji, gari hili lilikuwa linasimama mahali pamoja, linatazama magharibi, kila mara vilevile."

"Kwa Vivan," nikasema. Mara ya kwanza kulitaja jina hilo bila kuchekesha mtu.

"Kwa Vivan? Kule chini ya mwamba jua haliingii hata mwezi wa saba. Kuvu imemmalizia ukuta."

"Wewe umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda Alhamisi," akasema Torkel, akainama kutafuta kitambaa ambacho alikuwa amekishika.

Wakati mwingine ningemcheka wiki nzima. Safari hii nilikaa chini, palepale kwenye saruji.

Magharibi yetu, gari linaweza kufika na kuitazama bahari mahali pamoja tu: gati la zamani la Svartnäs. Hapo ndipo walipoanzia kumtafuta Ylva, binti yetu, aliyetoka na mashua ndogo akiwa na miaka kumi na tisa. Walimtafuta siku kumi na moja. Bahari haikumrudisha. Siku aliyotoka ilikuwa Alhamisi.

Baada ya hapo nilizifungia picha zake sandukuni, nikamwambia Evert jina hilo lisitajwe tena humu ndani. Akasema sawa. Alikuwa mtu wa kusema sawa. Basi hakulitaja. Alikwenda kukaa naye. Akirudi, namwekea supu baridi.

Ubavu wa kushoto nikakataa usiguswe. Torkel akakunja vitambaa.

Niliandika barua mkoani kuomba ruhusa ya kumwaga majivu baharini, na mwezi wa nane Torkel akampeleka Evert kwa mashua, mbele ya gati. Nami nilitaka kwenda. Mguu mmoja ulifika mashuani, wa pili ukakataa. Nikangoja garini.

Sasa Alhamisi ni zangu. Nakwenda gatini na supu kwenye chupa, ya moto. Wiki iliyopita Torkel alikuja akagonga dirisha.

"Shemeji, umeegesha kinyume. Bahari iko nyuma yako."

"Najua ilipo. Nataka jua liule ubavu wa kulia nao, zilingane."

"Itachukua miaka thelathini! Una sabini na tisa!"

"Nani kakwambia nina haraka?"

Akaenda zake akitikisa kichwa. Sikumwambia kwamba kuitazama bahari uso kwa uso sijaweza. Naitazama kwenye kile kioo kidogo cha dereva cha kuonea nyuma, kwa kuibia, imekuwa ndogo kiasi cha kunitosha. Nikimaliza kikombe changu najaribu kulitaja jina la mtoto. Juzi nilifika nusu.