Maziwa ya Kukata Sumu

Mama Silvanus alitangaza kwamba hospitali harudi, tena mbele ya watu, maana siku hiyo majirani tulijaa kwake kumuaga, hata pa kuweka mguu hapakuwepo. Kesho yake alfajiri lori la vitunguu lilikuwa limfikishe Karatu, akapande basi kwenda kuchomwa dawa ya pili ya saratani ya titi.

"Dawa nimeshaiua mwenyewe," alisema. "Nimekunywa maziwa."

Hapa Mang'ola kila anayebeba bomba la kupulizia vitunguu dawa ya wadudu anajua: ukimaliza, unakunywa maziwa kukata sumu. Basi aliporudi kuchomwa mara ya kwanza, na ile dawa nyekundu mwilini, jirani yake Nashilu, Mmaasai mfugaji, akawa anamletea kibuyu kila siku, kwa upendo tu. Sasa uvimbe bado upo, na Nashilu kajikunja pembeni na shuka lake.

"Kwa hiyo mimi ndiye nimekumaliza, mwenzangu?"

Nikaona tutagombana bure. Nikampigia nesi Selestina wa kule hospitali, nikaweka spika. Watu wakasogelea simu kama wanasubiri penalti.

"Mama, maziwa yanaenda tumboni," nesi akasema. "Dawa iko kwenye damu, imefungwa ndani ya vitone vya mafuta vidogo mno, hata hadubini yetu haivioni. Mishipa ya uvimbe inavuja. Vinapenya pale, vinaachia dawa kwenye uvimbe na pembeni yake. Maziwa hayaikati."

"Kwa hiyo nitapona?"

Nesi akashusha pumzi. "Hilo siwezi kukuahidi. Njoo tupime. Halafu hayo maziwa, mnayachemsha?"

Macho yote kwa Nashilu.

"Kuchemsha? Maziwa ya ng'ombe wangu yana kosa gani?"

"Hayana kosa, yeyo," nesi akasema, akimwita mama kwa Kimaasai. "Dawa inamshushia kinga. Yachemshwe, na mwenye mafua asimsogelee."

Pale mlangoni jirani yetu Bartolomeo akapiga chafya. Tulimtoa nje kwa viwiko.

Mama Silvanus alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akatazama viganja vyake, vyekundu kwa ile dawa. "Maziwa nilisingizia," akasema. "Naogopa. Kule nilikaa peke yangu na ile dripu."

Kumbe! Basi kila mtu akaanza kujitolea kumsindikiza, kelele mtindo mmoja. Nashilu akasimama.

"Kaeni chini. Mimi ndiye nitapanda hilo lori."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe wana wanaume wa kuwachunga."

Mama Silvanus akamshika mkono. "Basi uje uniamshe. Na nikijifanya nimelala, nivute."