Bundi Adimu wa Seif

Julai ya 2011 baridi ya Johannesburg ilikaza hata maji ya ndoo uani kwao Fordsburg yakaganda. Jumapili moja Seif akaamua kumpeleka mkewe msituni kutafuta bundi.

"Bundi, Baba Samira?" Mwatumu aliuliza. "Kwetu Tanga akilia juu ya bati anafukuzwa kwa mawe. Wewe unamfuata kwa petroli?"

"Huyu adimu." Tangu bosi wake wa Randburg ampe darubini kuukuu, Seif hakuwa na mazungumzo mengine.

Walifika kwenye misonobari nje ya jiji jua likichomoza. Seif alitangulia, ameinama kama aliyeangusha sindano. Mwatumu akifungua mdomo, "Shhh!" Akikohoa, "Shhh!" Alipopiga chafya, mumewe alimtazama utadhani amevunja kabati zima la vyombo.

Hadi saa saba mchana walikuwa wameona kunguru wawili tu. Vidole vya miguu vya Mwatumu vimekufa ganzi.

"Nakwenda kusali," alisema. "Wewe kaa na miti yako."

Alitandika mkeka kando ya gari. Alipotoa salamu kulia, macho yake yakakutana na macho mengine. Bundi alikuwa tawini, hatua tatu tu, ametunisha manyoya kwa baridi. Mwatumu alishangaa kuona haogopi. Akatoa salamu kushoto, akageuka tena. Bado yupo.

"Baba Samira," aliita taratibu. "Njoo."

"Shhh!" ilitoka vichakani.

"Njoo, nakwambia."

"Mama Samira, utawafukuza!"

Hapo subira ikamwisha. "Seif! Bundi wako huyu hapa!"

Seif akaja mbio, akajikwaa kwenye mzizi, akaanguka kifudifudi. Bundi akakunjua mbawa, akapotea bila sauti.

"Si ungeita polepole!" Seif alilalamika, kidevu kimejaa vumbi.

Mwatumu aliingia garini, akafunga milango, akawasha hita. Seif alisimama nje na daftari lake la kuandikia ndege walioonekana, akigonga kioo.

"Nambie basi, macho yake rangi gani?"

Alimwacha agonge mpaka midomo ikamtetemeka, ndipo akashusha kioo kidogo.

"Meusi. Lakini hukumwona wewe. Andika jina langu."

Seif alisita. Kisha akaandika, polepole, kwa vidole vilivyokakamaa: Mwatumu. Mkewe akasoma, akamfungulia mlango.