Koki ya Chini ya Goti

Pikipiki ile ilikuwa na mshale wa mafuta, lakini mshale wenyewe ulilala tangu zamani, na hata ungejaza tangi mpaka shingoni usingenyanyuka walau kwa heshima. Mwenye pikipiki hakujali. Aliitikisa kati ya mapaja yake, akainamisha sikio, akasikiliza mafuta yanavyochezacheza, kisha akamwambia mkewe, "Hii inatufikisha kwa dada na kuturudisha, tusipogombana njiani."

"Kwani kugombana kunakula mafuta?"

"Sana. Ukiwa na hasira unavuta moto. Chombo hiki kinampenda mtu mpole, Fundi."

Alimwita Fundi kwa sababu mkewe alikuwa mshonaji, na kwa sababu jina hilo lilimfanya atabasamu hata akiwa na pini mdomoni.

Kisha mume akapata kazi ya ujenzi wa madaraja, mbali, kazi ya kuhama kila daraja linapokwisha. Pikipiki akamwachia mkewe. Wiki nzima kabla ya kuondoka alimfundisha kuiendesha, na somo alilolirudia kuliko yote lilikuwa la koki ya mafuta, ile iliyo chini ya goti la kushoto. Ikitazama chini, unatumia mafuta ya kawaida. Pikipiki ikianza kukohoa, unaigeuza itazame juu, unapata akiba, na hapo unajua ni wakati wa kutafuta kituo.

"Na ukishajaza, irudishe chini," alisema. "Usiporudisha, utakula akiba yako bila kujua, na haitakohoa kukuonya. Itakufa tu."

"Nimesikia, Baba."

"Umesikia, au umeshika?"

Mvua zikaja zikapita. Alizoea kulala upande mmoja wa kitanda na kuacha ule mwingine umetandikwa. Kila jioni alimwombea mumewe kwa Mungu, na mara nyingine sala ilikuwa fupi mno.

Basi siku moja alikuwa kwenye foleni ya kituo cha mafuta. Wiki ile mafuta yalikuwa haba, kila mtu anapimiwa nusu tangi na kuambiwa asante. Yeye alikuwa amefika kwa akiba. Mpimaji alipokuwa anafunga kifuniko, simu ikalia.

"Fundi! Kesho tunahamishwa. Lori letu litapita njia panda, kule chini ya mlima. Dereva amesema tutapumzika kidogo tu, saa sita. Utaweza?"

"Nitaweza!" alipiga kelele, mpaka watu wa foleni wakageuka. Alicheka njia nzima. Mkono wake haukukumbuka goti la kushoto.

Asubuhi alikunja shati jipya alilomshonea mumewe kwa vipimo vya zamani, akalifunga kwenye kiti. Mama mkwe wake alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mafuta yanatosha?"

"Nusu tangi linafika njia panda na chenji linabakiza, Mama."

"Na kurudi?"

"Kurudi ni baadaye."

"Haya. Wewe na mwanangu, aliyewakutanisha alikuwa na kazi." Lakini alimshika mikono, akamwombea safari njema, akaongeza, na kuongeza tena, mpaka jua likapanda. Amina ilipofika, mshonaji alikuwa ameshachelewa.

Kwa hiyo alivuta moto. Hakuwa na hasira, lakini hamu nayo haina breki. Alipanda vilima kwa gia ndogo, injini ikipiga kelele kama inayoteswa. Alisema moyoni, "Nikisikia inakohoa tu, nitapunguza." Haikukohoa. Akaishukuru, akaikandamiza zaidi.

Karibu na kilele cha mlima wa mwisho, ikafa.

Aliinama kugeuza koki, akaikuta inatazama juu. Ilikuwa inatazama juu tangu jana. Akakaa chini kwenye changarawe, kofia ngumu ikiwa bado kichwani.

"Ee Mungu wangu," alisema, "sikuombi gari wala mabawa. Nifikishe tu nimwone."

Barabara ilikuwa tupu. Ndipo alipokumbuka jambo ambalo mumewe alilifanya mara moja, kwa mzaha, wakitoka kwa dada: tangi limepanda fremu kama mtu aliyepanda punda, mguu huku na mguu huku. Koki iko kushoto. Mafuta ya mguu wa kulia hubaki kule, hayana pa kupita. Akasimama, akailaza pikipiki kwa upande wa kushoto, polepole, kama anayemlaza mgonjwa. Ndani ya tangi akasikia sauti ndogo ya kitu kikivuka. Akainyanyua kwa pumzi zote. Ikawaka.

Sasa alikwenda kwa adabu, gia kubwa, mkono mwepesi kama anayeshona hariri. Alipofika kileleni alizima injini kabisa, akaiacha pikipiki iteremke yenyewe.

Njia panda ilionekana chini. Lori lilikuwapo. Wanaume walikuwa wanapanda nyuma, dereva akipiga honi. Mmoja tu alibaki chini, amempa mgongo, ameinamisha sikio. Alikuwa anasikiliza. Aliijua sauti ya pikipiki yake miongoni mwa mia, na sauti hiyo haikuja.

"Twende, bwana!" dereva alimpigia kelele. "Mkeo hakuja!"

Akashika ubao wa lori, akaweka mguu juu.

"Baba!" mshonaji aliita. Upepo ukala sauti. "Wee mwanamume! Unaenda wapi bila shati?"

Mguu ukarudi chini.

Hawakukumbatiana sana, watu walikuwa wanatazama. Alimshika mkono tu, akaona amekonda, akajua shati litampwaya. Mume naye aliweka kiganja juu ya tangi, akaitikisa pikipiki, akasikiliza.

"Fundi, umekuja na harufu tu ya mafuta."

"Nilisahau koki."

"Nilijua." Akacheka, kisha macho yakamlowa. "Ulikimbia?"

"Nilikimbia."

Wenzake juu ya lori wakapiga miluzi. Mmoja akasema, "Shemeji, lori ni dizeli, utatufuata kwa miguu?" Lakini huyo huyo akateremsha kidumu cha petroli ya jenereta, na dereva akatazama pembeni kama hakuona. Mume akamimina mwenyewe, taratibu, bila kumwaga tone, kama mtu asiyetaka kidumu kiishe. Kilipoisha, aliinama akashughulika na kitu chini, akainuka.

"Hii inakufikisha nyumbani, na kidogo juu yake," alisema. "Nenda kwa adabu."

"Utarudi lini?"

"Daraja likisimama."

"Na lingine?"

Honi ikajibu.

Lori lilipoondoka, mshonaji hakugeuza. Alilifuata. Ile "kidogo juu yake" ilikuwa yake, aliona, aitumie apendavyo. Mumewe alikaa kwenye ubao wa nyuma, shati jipya mapajani, wakatazamana hivyo katikati ya vumbi. Walipofika kwenye kalavati, mumewe aliinua kiganja. Alikuwa amepiga hesabu. Ni hapo.

Aligeuza.

Alirudi mikono mitupu, polepole, na kila kilima kilikuwa kirefu kuliko asubuhi. Kabla ya nyumba za kwanza za mjini, pikipiki ikakohoa, ikakohoa tena. Alipeleka mkono chini ya goti la kushoto, roho juu. Koki ilikuwa inatazama chini, kama mumewe alivyoiacha.

Aliacha vidole pale kidogo. Kisha akaigeuza juu.