Makato ya Fundi Vigae

Mafundi wote wa lile jengo walimwita Pimamaji, kama kile kifaa cha kupimia usawa, maana hakuwahi kutandika kigae bila kukipima, kukigonga, na kukipima tena. Kwa vigae alikuwa mtulivu kama maji ya mtungini. Kwa maneno, wacha tu.

Ijumaa hiyo alikuwa ghorofa ya tano wakati Kofia alipokuja kulipa. Kofia ndiye aliyekuwa mkandarasi mkuu. Jina alilipata kwa sababu helmeti haikumtoka kichwani, na watu walidai hata siku ya harusi yake aliivaa. Pimamaji hakuwa mwajiriwa wake. Alikuwa fundi wa kujitegemea: anapewa sakafu na mabafu, anakuja na vifaa vyake, analipwa kadiri kazi inavyokamilika. Akatazama malipo yake, akaona yamekatwa tena.

"Bosi, hii nini?"

"Kodi," Kofia akajibu, macho yake yakikagua dari.

"Kila nikiuliza, kodi! Mimi nashinda nimepiga magoti, wewe unakula jasho langu. Mwizi ni mwizi tu, hata akivaa helmeti!"

Mafundi umeme waliacha nyaya zao. Wapiga plasta wakabaki na miiko hewani. Kofia akasema kwa sauti ya chini, "Nenda kaulize ofisi ya kodi, fundi." Akashuka ngazi. Pimamaji naye, kavimba kama chura, akakusanya vifaa vyake akaondoka, bafu akaliacha nusu lina sakafu, nusu halina.

Nyumbani alimkuta mdogo wa mkewe, fundi cherehani mwenye duka lake, akimenya vitunguu na dada yake. Yule binti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi machozi yakamtoka, na hayakuwa ya vitunguu.

"Shemeji, umemwita mtu mwizi mbele ya kadamnasi? Wewe mwenyewe umejiandikisha kodi?"

"Nijiandikishe ili wanijue?"

"Wanakujua tayari. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na wewe fundi sakafu hulijui hilo? Jumatatu tunakwenda wote. Nitakushika mkono kama mtoto anayepelekwa chanjo."

Jumatatu walikaa mbele ya afisa mmoja wa kodi, mama wa makamo aliyejitanda shali kwa sababu ya feni. Alichukua kitambulisho cha Pimamaji, akabonyeza kompyuta yake, akatikisa kichwa.

"Kwa kazi za ujenzi, baba, anayekupa kazi analazimika kukata sehemu ya malipo ya ufundi wako na kuileta hapa kwa jina lako. Vigae na saruji ulivyonunua mwenyewe havikatwi. Na hicho anachokata ni malipo ya awali tu. Mwisho wa mwaka tunatazama mapato yako, tunatoa gharama za kazi, na kodi inahesabiwa kwenye faida inayobaki. Ukiwa umekatwa kupita kiasi, unarudishiwa."

"Na yeye alikuwa analeta kweli?"

"Hajaruka mwezi. Ila kwa vile hukujiandikisha, sheria ilimbana akukate kwa kiwango cha juu. Ukijiandikisha leo, kinashuka."

Masikio ya Pimamaji yalipata moto. Afisa akaendelea kumuuliza gharama zake, naye akataja mashine ya kukatia vigae, visu vyake vinavyokwisha haraka, nauli ya kubebea vifaa kutoka saiti moja hadi nyingine. Zote zikakubaliwa, mradi alete risiti. Akapata ujasiri.

"Na chai ya mke wangu? Bila ile siinuki kitandani."

"Hiyo, baba, lipa kwa shukrani," afisa akasema bila kutabasamu. Shemeji mtu akajifunika uso kwa mkoba.

Walipotoka nje, shemeji alikuwa na furaha tele, lakini si Pimamaji. Lile neno alilolitupa ghorofa ya tano lilikuwa limeanza kumchoma yeye mwenyewe.

"Mwombe radhi, basi," shemeji akamwambia. "Ulimtukana kwa sauti, usije ukamwomba radhi kwa kunong'ona."

Akaenda moja kwa moja saiti. Akamkuta Kofia mle bafuni, kapiga magoti, gundi mpaka viwikoni, anajaribu kuimalizia sakafu mwenyewe. Vigae vilikuwa vimekaa kama meno ya mtoto yanayong'oka.

Pimamaji aliweka mfuko wake chini, akatoka hadi ukumbini, akawaita mafundi umeme na wapiga plasta. "Ijumaa niliwaambia huyu ni mwizi," alisema. "Nimetoka kuuliza. Kila alichokata kimefika, kwa jina langu. Nilimpaka matope mtu safi. Bosi, nisamehe."

Kofia aliinuka taratibu, akijishika kiuno. "Na mimi nina langu. Umeniuliza mara ngapi, na kila mara nakujibu neno moja kama nafukuza nzi? Ningekaa chini tukazungumza, tusingefika huku." Akatazama sakafu. "Sasa nisaidie kung'oa haya maovu kabla gundi haijashika."

Waling'oa wakicheka, bega kwa bega, na mpaka rangi mmoja akaja kusimama mlangoni kuuliza ofisi yenyewe iko wapi.

Mwaka ulipofungwa, Pimamaji alirudishiwa sehemu nzuri. Mkewe hakungoja kuulizwa maoni. Mganga hajigangi: miaka yote hiyo jikoni kwao kulikuwa na saruji tupu, tena yenye nyufa. Alichagua vigae yeye mwenyewe, vya kijani kibichi, na mumewe akavitandika kwa juma zima huku akifokewa na wale dada wawili waliokuwa wanataka kupika. Hakujibu hata neno. Alikuwa anapima.