Moto Hautaki Mke Mwenza

Mgeni alitokea upande wa reli, jua likiwa utosini, akasimama karibu na bani, banda la kukaushia tumbaku, bila kupiga hodi. Advera alikuwa kwenye kigoda mbele ya mdomo wa tanuri, akilinda moto uliokuwa ukikausha tumbaku ya baba yake. Alimwamkia. Mgeni, mwanamume wa makamo aliyekumbatia begi kifuani, akaitika marahaba, kisha akauliza:

"Binti, simu yako iko wapi?"

Hakuuliza maji wala njia. Advera alijibu kwa mkato kwamba iko ndani, na kaka zake wamelala humo humo. Uongo. Ndani alikuwamo baba tu, Mzee Luhende, aliyekesha na moto na sasa anakoroma. Mama alikuwa shambani.

Mgeni akaomba kivuli, akajitaja kuwa Jilala wa Tura. Mtu wa Tura anatafuta nini hapa Usoke na simu ya watu?

Simu ilitundikwa kwenye msumari sebuleni kwa ahadi. Msimu uliopita Advera aliinamia video za harusi za Dar, joto likaruka, tumbaku ikatoka nyeusi kama masizi. Baba hakufoka. Alisema tu kwamba moto hautaki mke mwenza, na Advera akaahidi: akiwa zamu, hataigusa simu wala kuuacha moto mpaka baba mwenyewe ampokee.

Leo simu haikuwapo, ila mgeni alikuwapo. Jilala alipofungua zipu ya begi, Advera alishika ukuni. Ikatoka chupa ya maji. Jilala alipotupa jicho dirishani, Advera akageuka mzima kumfuata. Ni harufu iliyomrudisha. Kipimajoto kilikuwa kimepita alama aliyoiweka baba. Akavuta gogo zito nje, akalizima kwa mchanga, akafungua tundu la hewa. Macho yake hayakupumzika hata kidogo. Yalikuwa tu mahali pasipo moto.

Jilala alimsaidia kumwaga mchanga. Akaeleza, kwa aibu, kwamba simu yake imeisha chaji, naye alitaka kumpigia mpwa wake aje kumchukua kwa baiskeli. Advera akakosa pa kuficha uso.

Hapo simu ikaita sebuleni. Wiki nzima alikuwa akisubiri shule moja ya Tabora mjini impigie kuhusu kazi ya ualimu. Walishamwambia: asiyepatikana, nafasi inakwenda kwa mwingine.

"Nenda, mwanangu," Jilala akasema. "Moto nitautazama mimi."

Sasa alimwamini. Hilo ndilo lililomuuma.

"Nilimwahidi baba," alisema.

Simu ikanyamaza, ikaita tena, ikakatika katikati. Baba hakuacha kukoroma. Jilala akainamisha kichwa. Advera akafuta macho kwa kiganja chenye majivu, akachagua ukuni mwembamba, akausukuma ndani polepole, akitazama kipimajoto.